Sweta za Njabini Kwenye Jua la Habaswein

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza, majirani zangu, sokoni, kanisani, hata juzi nikiwa nimejitwika gunia la mbolea: Wajir kulikuwaje, Mama Njeri? Nami nawajibu kulikuwa kuzuri, kuna joto kidogo, halafu naulizia bei ya viazi. Mama Kimani akaniambia usoni kwamba kuna kitu ninaficha. Ni kweli, ninaficha. Nimeona afadhali niwaandikie, maana kusema huku nikiwatazama siwezi. Mwenye macho mazuri awasomee wengine, na tafadhali msinikatize.

Njabini hadi Nairobi

Kuondoka kwetu mnakujua, maana ni nyinyi mliotusindikiza kwenye ukungu. Binti yangu Njeri alikuwa anampeleka mtoto kwa baba yake. Kamau anafundisha Wajir, na Nyambura alizaliwa huku kwetu akafikisha miezi minne baba akimjua kwa picha za simu tu. Mimi nilijipa kazi ya kuwasindikiza. Niliwaambia nyinyi wenyewe, pale mlangoni kwangu, kwamba Njeri bado hajui kulea mtoto, na nikimwacha aende peke yake atamuua na nimonia.

Mkatupa ile seti mliyofuma: sweta, suruali, soksi, kofia yenye masikio, na shali nyeupe nzito iliyonifanya nilie kidogo. Sitaki mtu ajilaumu. Kwa baridi ya Njabini hizo ni nguo za watu wenye akili. Hapa mtoto akionekana kichwa wazi, mwanamke yeyote atamsimamisha mama yake njiani amgombeze, na mnajua ni nani huwa wa kwanza kugombeza. Sufi haikuwa na kosa. Aliyekataa kuivua ndiye mwenye makosa.

Nairobi tulilala kwa mpwa wangu. Hakuna la kusimulia, ila alitaka kumtoa mtoto soksi nikamkatalia.

Nairobi hadi Garissa

Basi liliondoka mapema na hadi Mwingi tulikuwa watu wa kawaida. Baada ya hapo ardhi ikaanza kuwa nyekundu na tambarare, miti ikawa mifupi, na hewa iliyoingia dirishani ilikuwa kama unapofunua sufuria ya githeri. Mimi nilikaa dirishani. Nikalifunga.

Kijana wa nyuma akalifungua. Nikalifunga. Akalifungua tena, akasema kwa adabu, "Mathe, tutakufa humu." Nikamwambia kwamba upepo wa gari ndio unaoingia kifuani mwa mtoto, na kwamba yeye kama hana mtoto anyamaze. Akanyamaza. Safari nzima hadi daraja la Tana niliweka kiwiko changu kwenye kile kioo, na abiria wote walijua mimi ni nani.

Njeri aliniuliza mara moja tu, "Mami, nimtoe hata kofia?" Nikamwambia kichwa ndipo baridi inapoingilia. Akasema sawa. Nataka mkumbuke hiyo sawa yake, kwa sababu mimi wakati huo niliifurahia. Niliona nimemlea vizuri.

Garissa tulipata chumba chenye feni kubwa darini. Nikaizima. Usiku ule Njeri alikaa kitandani akimpepea mtoto na jarida la kanisa akidhani nimelala, nami nikamwambia aache, anamzoesha vibaya. Asubuhi mtoto alikuwa na vipele vyekundu shingoni na chini ya makwapa. Nikasema ni maji ya Garissa.

Chakula cha Garissa ni kizuri, hilo niseme. Jioni tuliletewa wali na nyama ya mbuzi, juu yake ndizi mbivu. Mimi nikaiweka ndizi kando niile mwisho kama matunda. Mhudumu alipopita akacheka, akaniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Mama, hiyo ni ya kula bamoja na wali." Nikamwambia kwetu tunajua kula ndizi. Ndivyo nilivyokuwa safari ile, kila neno la mtu lilinikuta mlango umefungwa.

Garissa hadi kizuizini

Asubuhi tulipanda basi la Wajir. Kiti kilikuwa cha watu watatu: mimi dirishani, Njeri katikati na mtoto, na upande wa njia akaja kukaa mwanamke wa makamo aliyevaa mtandio wa rangi ya majani makavu. Hakuwa na mzigo, ila mkoba mdogo wa kitambaa aliousukuma chini ya kiti. Alitusalimu, akauliza jina la mtoto. Yeye aliitwa Shamsa. Alisema anakwenda Habaswein, mama yake ni mgonjwa.

Nililisikia hilo. Nikasema pole, kisha likanitoka kichwani.

Tulipoacha mji akamgusa Nyambura shingoni, kwa nyuma, kwa vidole viwili. "Ayeyo," akaniita, na kwao ayeyo ni bibi, "hii mtoto nasikia joto sana. Toa yeye hii nguo."

"Ni kawaida yake," nikamwambia.

"Angalia, shingo inachoma. Na iko kavu."

Nikauondoa mkono wake. Sikuurusha, niliuondoa tu, lakini alielewa. Nikasema, "Kwetu tumelea watoto pia." Akasema haya. Simu yake ikalia, akaongea Kisomali kwa sauti ya chini, akaiweka, ikalia tena. Mimi nikaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Mwanamke wa peke yake, bila mzigo, simu haziishi, na macho yake kila mara kwa mtoto wetu. Mnajua hadithi tunazosimuliana hapa kuhusu watoto wanaopotea mjini. Nilikuwa nazo zote kichwani.

Joto likanishinda, nikasinzia.

Kilichoniamsha ni basi kupunguza mwendo. Nikageuka, na Nyambura hakuwa kwa mama yake. Alikuwa kwenye mapaja ya Shamsa, amebaki na nepi tu. Yule mwanamke alikuwa amelowesha ncha ya mtandio wake kwa maji ya chupa, anampangusa kifuani na mgongoni, pole pole, huku anampulizia usoni. Mtoto alikuwa macho, anatikisa miguu. Sweta na shali zilikuwa sakafuni. Kofia yenu ilikuwa inachungulia kutoka kwenye ule mkoba.

Nilipiga ukemi. Nilisema mwizi, nilisema anaiba mtoto. Nilimnyakua Nyambura hadi akaanza kulia. Na bahati mbaya ya Shamsa ni kwamba basi lilikuwa limepunguza mwendo kwa sababu ya kizuizi cha polisi, na askari alikuwa tayari amepanda kukagua vitambulisho.

Askari akauliza kuna nini. Nikamweleza, na nikaeleza vizuri sana. Nikamwonyesha kofia.

Shamsa hakupiga kelele. Alimtazama Njeri. Njeri alitazama magoti yake. Shamsa akaendelea kumtazama kitambo, kisha akamgeukia askari akatoa kitambulisho. "Sijaiba mtoto," akasema. "Mama yangu ni mgonjwa Habaswein. Wameniambia nifike haraka."

Basi zima lilikuwa linaongea sasa. Mzee mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina aliyeketi kiti cha mbele yetu alisimama akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Mama, wewe umeona kwa macho yako huyu akiiba?"

Nilikuwa nimemwona akimpangusa mtoto. Hilo tu ndilo nililoliona.

"Nimeona," nikasema.

"Basi Mungu pia ameona," akajibu, akakaa.

Askari akamwambia Shamsa ashuke kwanza waongee, atapanda gari lingine. Magari yanayokwenda huko huandamana na ulinzi, na yale ya mbele yalikuwa yameshaondoka, kwa hiyo dereva hakungoja. Nilimwona Shamsa kupitia kioo changu kilichofungwa, amesimama juani kando ya mapipa ya kizuizi, anainua simu juu akitafuta mtandao. Nikamvisha Nyambura tena. Sweta, soksi, kofia, shali.

Kizuizini hadi Habaswein

Hakuna aliyezungumza nasi. Kijana mmoja aliyekuwa akigawa peremende alituruka.

Katikati ya mahali pasipo na kitu gurudumu likapasuka. Wanaume walishuka kusaidia, wanawake wakashuka kukaa kwenye kivuli cha basi. Mimi nikasema sisi tutabaki ndani, nje kuna vumbi. Nyambura alilia sana pale ndani, kilio kile cha kukwaruza. Kisha akanyamaza. Nikamwambia Njeri, "Unaona? Alikuwa anataka tu joto lake."

Tulipoanza tena kwenda Njeri alijaribu kumnyonyesha. Mtoto hakushika titi. Akajaribu upande wa pili. Kichwa kilianguka kando kama cha mtoto aliyelala, ila macho yalikuwa nusu wazi. Njeri akaingiza mkono chini ya sweta, kisha kwenye nepi, na nepi ilikuwa kavu kabisa, kavu tangu tuondoke Garissa.

Nikasema, "Mfunike, anaumwa."

Hapo binti yangu alinigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule. Alianza kumvua mtoto huku uzi unakatika, kofia ikarukia huko, na alikuwa anasema maneno ambayo basi zima liliyasikia. "Mimi ndiye nilimpa. Ulipolala nilimwomba amshike, nilimwomba amvue, nikaweka kofia kwenye mkoba wake usiione. Alikuwa anapata nafuu, Mami. Nilikuogopa. Yule mwanamke alijua nakuogopa ndiyo maana hakunisema."



Dereva akasimamisha gari. Wanawake waliokuwa wamekaa nyuma wakaja, hakuna aliyeniangalia, na mmoja akanishika bega akanitoa kwenye kiti kama unavyoondoa gunia lililoziba njia. Wakafungua dirisha langu na madirisha yote. Wawili wakatandaza mitandio yao kuzuia jua. Mwingine akalowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu ya mtungi wake, wakampangusa Nyambura shingoni, makwapani, kwenye mapaja, wanapepea, wanapangusa tena. Mmoja aliilowesha shali yenu, akaikamua, akaitundika kwenye dirisha ili upepo upitie kwenye maji. Wakamwambia Njeri amkamulie maziwa mdomoni tone kwa tone. Mzee wa hina alikuwa amesimama anaomba dua kwa ajili ya mjukuu wangu.

Nilisimama kwenye njia ya katikati nikishikilia vyuma. Wale niliowatukania ndugu yao ndio waliokuwa wananishikia mtoto. Nimeona aibu mara nyingi maishani, lakini hiyo ilikuwa na uzito.

Habaswein

Dereva alitufikisha hadi kwenye mlango wa zahanati, na Njeri akashuka na mtoto na ule mkoba wa kitambaa, ambao ulikuwa umebaki chini ya kiti. Basi likaendelea na safari ya Wajir.

Nesi alimweka Nyambura mahali penye kivuli na hewa, akampima, akamwangalia macho na utosi. Alisema joto lilikuwa limempanda kwa sababu halikuwa na pa kutokea. Wale wanawake wa kwenye basi walikuwa wamefanya vizuri. Anyonyeshwe mara kwa mara, hata asipolilia, maana kiu ya mtoto mdogo hivyo inatulizwa na maziwa ya mama. Avae kitu kimoja chepesi cha pamba, na saa za jua kali nepi peke yake inatosha. Maji ya kumpangusa yasiwe baridi kali. Na tukitaka kujua kama ana joto, tusimshike mikono, tumshike nyuma ya shingo.

Nyuma ya shingo. Kwa vidole viwili.

Baadaye, alasiri ikiwa imekwenda, Nyambura akashika titi. Na baada ya muda akakojoa, akamlowesha Njeri sketi yote. Njeri akacheka akilia. Sikudhani siku moja nitamshukuru Mungu kwa mkojo, lakini nilitoka nje, nikashukuru.

Nilikuwa hapo mlangoni nilipoona wanaume wakipita na jeneza wazi la Kiislamu, mwili umefunikwa kitambaa, wanatembea kwa haraka wakipokezana mabega. Nesi alikuja akasimama kando yangu akasema maneno ya dua. Nikamuuliza ni nani.

"Mama mmoja wa mtaa huu," akasema. "Amefariki saa za adhuhuri. Walikuwa wanamngoja binti yake kutoka Garissa aje amwoshe, yeye ndiye mkubwa. Simu yake haishiki. Jua linakwenda, wameona wasimcheleweshe."

Nikageuka kumtazama Njeri ndani. Alikuwa amesikia. Mkoba ulikuwa miguuni pake. 

Nyumba ya msiba

Kesho yake Kamau alikuja kutuchukua. Nikamwambia asubiri. Njeri akambeba mtoto, mimi nikabeba mkoba, tukaulizia njia.

Ua ulikuwa umejaa wanawake kwenye mikeka. Walijua sisi ni nani, habari hutangulia huko kama kwetu. Wakatupisha. Shamsa alikuwa ameegemea ukuta, mtandio ni ule ule, una vumbi. Alikuwa amefika na lori jioni, watu wakiwa wanarudi kutoka makaburini.

Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Yalikuwa maneno mazuri, yana mwanzo na mwisho. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka na kilichotoka ni, "Nilisema nimeona. Sikuona." Nikairudia. Halafu nikalia, jambo ambalo halikuwa langu kulifanya katika nyumba ile.

Shamsa hakuniambia ninyamaze, wala hakuniambia amesamehe. Alinyoosha mkono kwa Njeri, akachukua mtoto. Nyambura alikuwa na fulana moja nyembamba ya pamba. Akamgusa nyuma ya shingo.

"Nakojoa?" akauliza.

"Anakojoa," Njeri akasema.

"Alhamdulillahi."

Akampakata. Mwanamke mmoja akatuletea chai ya maziwa ya ngamia, akanipa na mimi, na nilikunywa yote kwa sababu niliona kukataa kitu kingine chochote kwa watu wale itakuwa dhambi. Shamsa akaufungua mkoba. Ndani mlikuwa na kanzu moja, tasbihi, na chupa ndogo ya mafuta ya kunukia ikiwa imefungwa kwa leso. Aliishika ile chupa, akaiangalia, akairudisha.

Nilimuuliza kama kuna chochote naweza kufanya. Akafikiri kweli kweli, hakujibu haraka kwa adabu. "Hakuna, ayeyo," akasema. "Kuosha mama ilikuwa mara moja tu."

Tulipoinuka akamshika Njeri mkono, akamvuta kando. Hakupunguza sauti, nadhani alitaka nisikie. Njeri alikuwa hajazungumza nami tangu kwenye basi, na mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo.

"Wewe bado iko na mama," akamwambia. "Usinunie yeye."

Wajir, na kurudi

Wajir nilikaa wiki mbili. Nilichota maji, nilipika, na sikutoa ushauri. Kamau alikuwa ameshona chandarua kwenye upande wa baraza wenye upepo, mtoto analala hapo mchana na nepi yake. Wakati wa jua kali Njeri anampangusa, anamnyonyesha, wanangoja jioni. Vipele viliisha. Shali yenu iko huko, wanailowesha na kuizungushia mtungi ili maji ya kunywa yapoe. Mama Kimani, najua umeanza kufuma nyingine ya bluu. Imalize, mpe mtoto wa hapa Njabini. Na mkiniona nimemsimamisha mama wa mtu barabarani kwa ajili ya kofia, nishikeni mkono mniondoe.

Namba ya simu ya Shamsa ninayo. Bado sijapiga. Nikiichukua simu naona ile chupa ya mafuta, naiweka chini.

Njeri hajaninunia. Alimsikiliza yule mwanamke. Ananipigia kila Jumapili, ananisalimu vizuri, ananionyesha mtoto akijigeuza. Lakini kila anapotaka kuniambia jambo kuhusu Nyambura, kwamba ameanza kukaa, kwamba amemnyoa, huwa ananyamaza kidogo kwanza. Mwanzoni nilidhani ni mtandao. Sasa najua ni mimi, nami hukaa kimya upande wangu nikimngoja.